Wazee Tumekubali

Kabla sijajua kupika wali nilikwisha kujua kumfundisha mwanamke mwenzangu namna ya kumpikia mumewe, kwa mizani kumi na sita kila mstari na vina vilivyonyooka. Nilikuwa darasa la sita. Wali wangu mwenyewe ulikuwa unaungua chini huku juu ni mchele, mama akauita wali wa ghorofa. Lakini nikisimama na karatasi yangu mbele ya watu, maharusi wa Nachingwea waliinamisha vichwa wakanisikiliza kana kwamba nimekwisha kuzaa watoto saba na kuzika mume.

Aliyeyataka hayo ni baba. Alikuwa bwana afya, mtu wa Tanga, aliyeletwa kusini kwa uhamisho kukagua vyoo na machinjio. Kwao, alisema, harusi isiyo na shairi ni msiba wenye pilau. Alipomuoa mama, ambaye ni Mmwera wa Nandagala, hakupata mtu wa kumghania, basi akajitungia mwenyewe na kujighania mwenyewe, bwana harusi mzima, kanzu imemkaa vizuri, anamwimbia mkewe mawaidha. Watu hawajawahi kuona. Walicheka, kisha wakapenda, na kuanzia hapo jirani akiozesha binti lazima apige hodi kwetu: "Bwana Afya, tumekuja kuomba yale mawaidha." Baba akawa anatunga, mimi naghani, kwa sababu sauti yake ilikuwa ya kutangazia kipindupindu. Baadaye nikaanza kutunga mwenyewe. Alinifundisha kwa kugonga meza kwa kidole, mizani moja baada ya nyingine, na nikizidisha moja alikuwa anasimamisha kidole hewani na kunitazama mpaka niione.

Ubeti ulikuwa na mistari minne. Mitatu ya kwanza ilikuwa ya mtunzi, wa nne ulikuwa kiitikio, haubadiliki mpaka mwisho wa shairi, na huo ndio uliokuwa wa watu wote. Nadhani Tanga watu hukaa wakasikiliza. Kwetu sisi hapana. Watu wa huku wamelelewa na ngoma, mmoja anaanza na wengine wanapokea, na shairi la baba walilipokea hivyohivyo, kwa makofi na mabega. Zikifika beti mbili wamekwisha kuchangamka, na hapo hata ukikohoa wanakuitikia. Ubeti wetu uliopendwa kuliko zote ni huu:

Mume akirudi njaa, chakula kiwe tayari,
Usinune ukakaa, ukamjibu kwa shari,
Nyumba yako iwe taa, isikose na uturi,
Mke mwema ni sitara, wazee tumekubali.

Mama alikuwa akiusikia kutoka jikoni tukiufanyia mazoezi. Siku moja akatoa kichwa nje, macho mekundu kwa moshi, akamuuliza baba, "Na huyo mke wa kwenye shairi, kuni mbichi anazijua?" Baba akasema kuni haziingii kwenye vina. Mama akarudi ndani, na jioni ile tulikula tumechelewa sana.

Mimi niliuliza swali jingine. Niliuliza mbona hakuna shairi la bwana harusi. Baba alifikiri kwa uaminifu kabisa, maana hakuwa mtu wa kudharau swali la mtoto, akasema, "Bwana harusi siku ile hana nafasi. Anasalimiana na wageni." Nikaona jibu limetosha. Ndivyo tulivyokuwa, tukipewa jibu lenye sauti ya kiume tunashukuru na kuondoka.

Lakini nisimwonee baba peke yake. Likizo moja watu wa mama walinichukua Nandagala nikaingia unyagoni pamoja na wasichana wenzangu. Nyimbo za kule sizitoi hapa, kiapo ni kiapo, na wako bibi walio hai bado ambao mikono yao ni myepesi. Ninachoweza kusema ni kwamba nilikaa pale nikishangaa kuona nazijua zote. Chungu, maji, kunyamaza, kuinama, mgeni wa mume, mama wa mume, kunyamaza tena. Za bibi zetu zilikuwa kwa Kimwera, zina mzaha na mafumbo ya kukuvunja mbavu. Za baba zilikuwa kwa Kiswahili, zina vina. Watu wa pande mbili, waliozaliwa mbali namna hiyo, wasiojuana, walikuwa wameshona nguo moja, na kwa bahati mbaya ilikuwa inanitosha.

Sasa nimlete mama mdogo, kwa sababu bila yeye nisingekuwa na la kusimulia.

Mama mdogo ni mdogo wake mama wa mwisho. Aliletwa kwetu Nachingwea kusoma, akawa kama dada yangu, tunalala kitanda kimoja na tunagombania khanga moja. Alikuwa mrefu, ana miguu ya kwenda, na kicheko chake kilikuwa kinafika nyumba ya tatu. Alipomaliza darasa la saba ikawa ndiyo ile miaka ambayo serikali inataka kila mtoto asome, shule zinafunguliwa kila kijiji na walimu hawatoshi, kwa hiyo wakachukuliwa vijana wa darasa la saba wafundishwe ualimu hukohuko kazini. Walimu wa UPE, watu walivyowaita, wengine kwa dharau. Mama mdogo akachaguliwa, na shule aliyopangiwa ni ya Mbekenyera.

Alipopata habari ile hakulala. Alifanya mazoezi ya kuandika ubaoni kwenye mlango wa choo chetu kwa kipande cha mkaa, sentensi zimenyooka kama zimepigwa rula, na mimi nilikuwa wanafunzi wake wote. Baba alipoukuta mlango ule, yeye bwana afya mwenye choo cha mfano, alisoma kuanzia juu mpaka chini, akasahihisha herufi moja, akaingia chooni.

Posa ikaja muda huohuo. Tusidanganyane, mama mdogo mwenyewe alimtaka huyo mwanamume. Alikuwa kijana wa palepale Mbekenyera, mkulima wa ufuta na mahindi, mpole, ana meno mazuri na baiskeli. Walijuana siku mama mdogo alipokwenda kuripoti shuleni. Hapo hapakuwa na tatizo. Tatizo lilikuwa mjomba wa kijana. Kwa Wamwera mjomba ndiye anayesema, baba mzazi yupo tu kama mgeni aliyeheshimiwa, na mjomba huyu alikuwa anasema kwa wajomba wote wa wilaya. Alikuja kwa bibi yangu Nandagala, akala, akanawa, akatoa sharti. Kazi ya ualimu iishe siku ya nikahi. "Mke wa mtu," alisema, "hawezi kushinda kutwa kucha amewapa mgongo watoto wa watu, anaandika ukutani, mumewe anarudi shamba nyumba imefungwa."

Kijana alipoulizwa alisema, "Tutaona." Neno hilo nimelisikia kwa wanaume wengi tangu siku zile, na sijakutana na aliyeona kitu.

Upande wetu nao haukumtetea. Bibi alisema ndoa haivunjwi kwa sababu ya chaki. Mjomba wetu alisema mwanamume mwenye baiskeli haokotwi. Mama alinung'unika, lakini mama alikuwa anaishi Nachingwea kwa bwana afya, na Nandagala walimhesabu kuwa amekwisha kuharibika. Mwenyewe mama mdogo hakuulizwa, na asingeweza kujisemea, kwa sababu msichana anayeposwa akifungua mdomo watu wanatafuta kasoro nyingine. Alikuwa na njia mbili tu, aolewe na mtu anayempenda aache kazi, au ashike kazi amkose. Alikonda. Yule mtu wa kicheko cha nyumba ya tatu alikuwa sasa anacheka kwa adabu, na mimi nilichukia jambo lile kuliko nilivyochukia hesabu.

Jioni moja naosha vyombo nyuma ya nyumba, akaja akachuchumaa karibu yangu, akaanza kunisaidia kusugua sufuria. Nikajua ana shida, maana siku zote alikuwa akikimbia vyombo.

"Shairi la harusi yangu anatunga nani?" akauliza.

"Mimi. Baba ana safari ya Liwale."

"Niongezee ubeti."

"Wa nini?"

"Wa kazi. Useme nitafundisha, na mume amekubali."

Nikamwambia amerukwa na akili. Nikasema mjomba yule atanirarua na karatasi yangu.

"Hatasikia," akasema. "Nani anayesikiliza? Mimi nimehudhuria harusi zako zote. Watu wanangoja kiitikio tu. Wewe unasema mistari mitatu, wao wanasema wamekubali. Basi waache wakubali. Wakishakubali mbele ya kadamnasi, wazee wa pande zote mbili wapo, sheikh yupo, watayameza vipi?"

Nilimtazama. Huyo ndiye mtu waliyesema hafai kufundisha.

"Uuweke katikati," akaongeza. "Mwanzoni watu wana masikio, mwishoni wananusa pilau."

Nikatunga. Sijapata kutunga ubeti kwa shida kama ule. Maneno ya kumwambia mwanamke ainame yalikuwa mengi, yamejipanga yenyewe tangu enzi za bibi zake bibi, unachukua tu kama unavyochukua mchicha. Ya kumwambia asimame nilikuwa nayatafuta moja moja, na mengine hayakuwa na wenza wa vina. Baba alirudi kutoka Liwale kabla ya siku yenyewe, nikampelekea shairi lote akague. Akagonga meza kwa kidole. Akafika ubeti wa tano, akagonga mpaka mwisho, akarudi akaugonga tena polepole. Kisha akakunja karatasi akanirudishia.

"Vina ni safi," akasema. "Ubeti wa tano sijauona."

Tulikwenda Nandagala kwa lori lililokuwa linafuata magunia ya korosho, tumekaa juu, baba, mama na mimi na sufuria za kuazima, mama mdogo amekwisha kutangulia. Tulishuka wekundu kwa vumbi, hakuna aliyejua nani ni nani mpaka tuliponawa. Nyumbani kwa bibi walikwisha kujenga kibanda kikubwa cha miti na majani, katikati wamefunga kamba na kutundika khanga, wanaume huku, wanawake kule karibu na meko. Watu wa Mbekenyera waliwasili asubuhi kwa miguu na kwa baiskeli, wanaimba, na mjomba mtu yuko mbele na fimbo ambayo hakuihitaji.

Nyuma yao alikuwapo mama wa bwana harusi. Hili liliwashangaza watu wetu, kwa kuwa mama wa mwanamume hubaki kwake akimngoja mkwe. Huyu alikuja. Alikuwa mwembamba, ana kipini puani na mdomo uliokazwa, na wanawake wa upande wao walimpisha kila alipopita. Alikaa kwenye mkeka nyuma ya khanga, hakula karanga alizoletewa, hakusema na mtu. Mama akaninong'oneza, "Huyo ndiye mama mkwe. Mungu amsaidie mdogo wangu." Nikaamini kwamba mjomba kwake ni mtoto.

Nikahi ikafungwa. Mama mdogo akatolewa, amefunikwa, nikaletewa kiti cha kusimamia ili pande zote mbili za khanga wanione. Nikakohoa. Wakacheka. Nikaanza.

Ubeti wa kwanza ulikuwa wa kumshukuru Mungu, wakapokea kwa upole. Wa pili, makofi yakaanza. Wa tatu ulikuwa wa chakula, ule mnaoujua, kibanda kikatikisika. Wa nne ulikuwa wa kumheshimu mama wa mume, na nikautupia upande wa yule mama kwa nguvu zote kama rushwa. Watu wakawa moto. Jasho linanitoka mpaka kwenye karatasi. Nikavuta pumzi nikasema haraka, kwa sauti ileile, na tabasamu la kuuzia sura:

Asubuhi ana chaki, darasani afundisha,
Ndoa kazi haitaki, kamwe kuisimamisha,
Na mume hatahamaki, wali akichelewesha...

Na wote, wanaume kwa wanawake, Nandagala kwa Mbekenyera, wakanguruma: "Mke mwema ni sitara, wazee tumekubali!" Mjomba mwenyewe alipiga makofi. Niliyaona kwa macho yangu mawili. Chini ya khanga zake nikaona mabega ya mama mdogo yanashuka taratibu, kama mtu aliyetua ndoo.

Nilikuwa nimekwisha kufungua mdomo kwa ubeti wa sita pale fimbo ilipogonga chini.

"Wewe mtoto, ngoja," mjomba akasema. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyemeza kitu na sasa anakitafuta kwa ulimi. "Huo uliopita. Urudie."

Nilimtafuta baba kwa macho, nikamwona ameinama anafunga kamba ya kiatu, na siku ile alivaa makubazi. Basi nikarudia, polepole sasa, kwa kuwa hapakuwa na pa kujificha, kila neno linasikika, chaki, kazi, wali. Nikafika mwisho wa mstari wa tatu, nikangoja kiitikio.

Hakuna aliyeitikia. Wale watu walionguruma muda si mrefu walikuwa wanatazama vidole vyao vya miguu. Bibi yangu alitazama meko. Bwana harusi, mwenye meno mazuri, aliyafunika.

"Hilo hatukukubaliana," akasema mjomba. "Mmetuingizia jambo ndani ya wimbo."

"Lakini mmeitikia," mtu wa kwetu mmoja akasema kwa sauti ndogo.

"Tumeitikia kwa mazoea! Ukifuata ngoma unauliza maneno?" Akageukia watu, akinyoosha fimbo. "Nauliza hapa mbele ya wote. Nani anakubali jambo hilo? Aseme."

Nilitaka kulia, si kwa woga, kwa hasira. Nilikuwa naona mambo yanavyokwenda kuisha. Watamwambia msichana achague palepale, na nikahi imekwisha kufungwa, kwa hiyo hakuna cha kuchagua. Mama mdogo alikuwa amenyooka kama mlingoti.

Ndipo sauti ikatoka nyuma ya khanga. Haikuwa nzuri. Ilikuwa kavu, imekosa wimbo kabisa, na ilikwenda kwa miguu yake: "Mke mwema ni sitara... wazee tumekubali."

Mjomba akageuka. "Dada?"

Khanga ikasogezwa, yule mama mkwe akatokeza uso. "Nimeitika," akasema.

"Dada, umesikia mtoto anavyosema?"

"Nimesikia mara mbili. Wewe ndiye uliyetaka irudiwe."

Kicheko kikapita upande wa wanawake kama panya. Mjomba akakaza sauti. "Na akirudi shamba huyu kijana, atapika nani?"

"Mdomo unaouliza una mikono," yule mama akasema. "Na mimi ninayo. Nilikuwa natwanga kabla hujaota meno, na wewe ulikuwa unakula, hukuuliza nani ametwanga. Leo ndiyo unauliza? Harusi ya mwanangu hiyo, kaka. Mtoto amesimama juu ya kiti, jasho linamtoka. Mwache aendelee."

Alisema maneno hayo Kiswahili na Kimwera vimechanganyika, nami nimeyanyoosha kidogo, ila hasira yake sikuigusa. Akarudisha khanga. Na nyuma ya khanga wanawake wakaanza, mmoja kwanza, halafu mkeka mzima, halafu walioko mekoni na miko mikononi: "Mke mwema ni sitara, wazee tumekubali!" Wakarudia. Wakarudia tena, bila mimi kusema kitu, shairi wakanipokonya. Mjomba alisimama katikati ya makelele yale akitafuta pa kuiweka fimbo. Mwisho akanyoosha mkono kwangu, kama aliyeshinda yeye, akasema, "Haya, endelea. Lakini Ijumaa wali usichelewe."

"Ijumaa shule inafunga mapema," mama mdogo akasema chini ya khanga, bibi harusi asiyetakiwa kufungua mdomo. Kicheko chake kikafika nyumba ya tatu.

Likizo ya Juni niliomba kwenda Mbekenyera kumsalimia. Niliwakuta wanavuna ufuta. Mama mdogo yuko shuleni kwa mafunzo yao ya ualimu ya likizo, mumewe yuko shamba, na nyumbani nilimkuta mama mkwe peke yake ametandika turubai uani, anachukua mafungu ya ufuta mkavu, anayageuza kichwa chini na kuyakung'uta, punje zinamwagika kama mvua ndogo. Nilikuwa namwogopa bado. Nikaamkia kwa mbali.

"Marahaba. Wewe ndiye yule wa karatasi," akasema. "Kaa. Na mimi nitungie."

Nikakaa, nikashika fungu la ufuta nimsaidie. "Nikutungie mawaidha, bibi?"

"Mawaidha nimepewa, yamenijaa mpaka huku," akagusa shingo. "Nitungie mimi mwenyewe. Ubeti mmoja unanitosha."

"Niseme nini?"

Alikung'uta fungu zima, akalitupa pembeni, akachukua jingine.

"Wakati wa karanga za Wazungu," akasema, "mume wangu alikuwa kibarua wa mashamba yao Nachingwea. Tulikaa kambini kule. Gari la moshi lilikuwa linakuja, linakwenda mpaka Mtwara. Mimi nilikuwa msichana tu, mtoto wa kwanza mgongoni. Likilia naacha mchi, natoka nje. Nikamwambia mume wangu, siku moja nipandishe. Twende, nione bahari, turudi. Akaniuliza, una shida gani huko? Nikasema, sina shida. Akasema, mwanamke asiye na shida anasafiri kwenda wapi? Nikaona kweli. Ndivyo walivyotufundisha, ndivyo tulivyoimba. Nikarudi kutwanga. Nikasema labda mwakani." Akageuza fungu jingine. "Halafu wakang'oa leli. Wakachukua yote. Kipande kimoja ndicho kile wanachogonga shuleni kwa mwalimu wetu, watoto waingie."

Hakuwa mtu mbaya, alisema, mume wake, Mungu amrehemu. Alimnunulia khanga. Hakumpiga. Aliuliza tu swali.

Nilikasirika tena, na safari hii sikujua nimkasirikie nani. Marehemu hakuwa mbaya, treni haikuwapo, Wazungu wa karanga walikwisha kwenda zao. Tuta la reli ile nilikuwa nalipita kila siku nikienda shule, limeota nyasi, watu wamepanda mihogo kandokando, na sikuwahi kufikiri kwamba yuko mtu aliyebaki akilingoja gari. Hasira ilinipa maneno haraka. Nikagonga mizani kwa kidole juu ya goti, nikamwambia mstari wa kwanza tayari:

"Nilitaka kwenda mbali, nipande gari la moshi."

Nilijua ni mzuri. Nikangoja anisifu. Akatikisa kichwa.

"Hapana. Usiseme nilitaka. Kutaka nimetaka mwenyewe miaka yote, hapahitaji mtunzi. Sema nilikwenda."

"Lakini bibi, hukwenda."

"Najua kama sikwenda," akasema, bila ukali. "Mimi nilikuwapo. Wewe sema tu, nisikie."

Nikagonga upya juu ya goti.

"Nilikwenda kule mbali, kwa lile gari la moshi."

Mikono yake ikasimama. Aliweka lile fungu la ufuta juu ya mapaja, akafumba macho, uso ameuelekeza Nachingwea.

"Tena," akasema.